WAKFU WA JAMAA: SADAKA ILIYOTUUNGANISHA



Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji, Ramadhan imetufikia tena na tuko hai, Alhamdulillah. Mwezi huu kila mtu hutoa. Kabla ya adhana ya magharibi sahani zapita uchochoroni, huyu ampelekea jirani kaimati na jirani naye, kwa kuwa sahani hairudi tupu, arudisha mbaazi za nazi. Masanduku ya sadaka misikitini hujaa, na simu hulia usiku na mchana kwa ujumbe wa kuchangia hiki na kile. Hilo ni jambo la kheri na makala haya hayakuja kulipinga. Lakini nataka tuulizane swali moja la historia.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia ya kutoa ambayo haikuisha mwezi ukiandama, wala haikufa mtoaji akifa. Njia hiyo moja ililisha maskini, ikatengeneza misikiti, na juu ya hayo ikawafanya watu wa ukoo mmoja wajuane hadi kizazi cha nne na cha tano. Njia yenyewe ni wakfu, na hasa ule wakfu wa jamaa. Je, wewe wajua kama ukoo wenu una wakfu? Na kama hujui, ni nani aliyebaki hai wa kumuuliza?

WAKFU NI NINI HASA?

Madrasa tulifundishwa jambo hili kwa maneno machache: ni kuizuia asili ya mali na kuyaachilia manufaa yake. Yaani shamba lenyewe haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Kinachotoka ndani yake, nazi, embe, kodi ya nyumba ama maji ya kisima, ndicho kinachogawiwa.

Wanavyuoni wakaugawa mafungu mawili. Kuna wakfu wa kheri, ambao ni wa watu wote: msikiti, madrasa, makaburi, kisima cha njiani. Na kuna wakfu wa jamaa, ambao wengine huuita wakfu ahli ama dhurri. Huu wanufaika wake wa mwanzo ni watoto wa mwenye kuweka, kisha wajukuu, ama ndugu zake na watoto wao, na kizazi hicho kikimalizika ndipo manufaa yanahamia kwa maskini ama msikitini.

Wengi wetu leo tukisikia neno wakfu twafikiria msikiti peke yake. Hebu tusome nyuma kidogo tuone mambo yalianza vipi, kwani huko mwanzo jamaa na maskini hawakutenganishwa.

MADINA: BUSTANI MOJA NA SHAMBA MOJA

Abu Talha (R.A.) alikuwa miongoni mwa Answari wenye mitende mingi zaidi Madina. Katika mali yake yote, aliyoipenda zaidi ni bustani iitwayo Bayruha, iliyokuwa ikielekeana na msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Mtume mwenyewe alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake mazuri. Iliposhuka aya ya 92 ya Suratu Aal Imran, inayotufunza kutoa katika vile tunavyovipenda, Abu Talha alikwenda kwa Mtume akamwambia bustani hiyo ni sadaka, aiweke popote atakapoona panafaa.

Sasa angalia jibu. Mtume (S.A.W.) aliisifu mali hiyo, kisha akamshauri Abu Talha awape jamaa zake wa karibu. Abu Talha akaigawa kwa jamaa na binamu zake, miongoni mwao Hassan bin Thabit na Ubayy bin Kaab. Sadaka kubwa kama ile haikwenda mbali, ilirudi ukooni. Na hadithi nyingine yatufunza kwamba sadaka kwa maskini ni sadaka moja, lakini kwa jamaa ni mbili, manake ndani yake mna sadaka na kuunga kizazi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Katika Sahihul Bukhari imepokewa kwamba baadaye Hassan aliliuza fungu lake kwa Muawiya. Watu wakashangaa, ati wauza sadaka ya Abu Talha? Hakuwa na kosa kisheria, kwani alikuwa amepewa mali ikawa yake. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya zawadi na wakfu: zawadi huweza kuuzwa na aliyepewa, hata kama mtoaji alikusudia ibaki.

Shamba la Sayyidna Umar (R.A.) lilikuwa jambo jingine. Umar alipata ardhi Khaybar baada ya mji huo kufunguliwa mwaka wa 7 Hijria, nayo ilikuwa mali bora aliyowahi kuipata. Akamwendea Mtume kutaka ushauri. Akaelekezwa kuizuia asili na kulitoa sadaka tunda lake. Umar akaweka masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Na wanufaika akawataja: maskini, jamaa, watumwa wa kukombolewa, njia ya Mwenyezi Mungu, mgeni na msafiri. Msimamizi naye akaruhusiwa kula kwa wema bila ya kujitajirisha.

Umeona? Jamaa wametajwa katika orodha moja na maskini na msafiri. Na msimamizi aliyewekwa baada ya Umar mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa binti yake, Bi Hafswa (R.A.), Mama wa Waumini, na baada yake mwenye rai njema katika jamaa. Dada zangu mnaoambiwa kwamba mambo ya mali ya ukoo ni ya wanaume, likumbukeni hilo.

Zubayr bin Awwam (R.A.) naye aliziweka nyumba zake sadaka ya namna hii, na akaweka sharti kwamba binti yake atakayerudi nyumbani baada ya kuachwa akae humo, asidhuru wala asidhuriwe. Akiolewa tena na kutosheka na mume, hana haki humo. Fikiria hekima ya baba yule! Alijua mirathi hugawanywa na huisha, na mume huweza kubadilika, lakini nyumba ya wakfu itabaki mlango wazi kwa binti aliyerudi na kilio chake.

HADI PWANI YETU

Mila hii ilifika kwetu pamoja na Uislamu wenyewe na madhehebu ya Imam Shafii. Mombasa, Malindi, Lamu na visiwa vyake, mtu mwenye shamba la minazi ama nyumba ya mawe alikuwa akienda kwa kadhi, akileta mashahidi na kuandikisha: nyumba hii ni wakfu kwa binti zangu na watoto wao, ama minazi hii mafuta yake ni ya taa za msikiti fulani. Wengine walichanganya, sehemu kwa jamaa na sehemu kwa kisomo, kwa futari ya wageni, ama kwa maji ya birika la kutawadhia.

Hata vitabu viliwekwa wakfu. Pale Lamu, Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Visiwa vya Ngazija, uliwavuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Hazina yake ya miswada, ambayo katika miaka ya 2010 ilipigwa picha na kuhifadhiwa kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, ina vitabu vyenye maandishi ya wakfu kurasani. Katika maandishi ya aina hiyo mwenye kitabu huandika jina lake na kukikataza kisiuzwe, ili kipite mkono kwa mkono kwa wanaosoma. Mtu hakuwa na shamba, alikuwa na kitabu kimoja, na hicho hicho akakitoa kibaki.

Lakini hebu tuangalie wakfu wa jamaa ulivyokuwa ukiendeshwa, kwani hapa ndipo penye somo letu. Tuseme babu ameacha shamba la minazi kwa watoto na wajukuu wake. Mnazi huangushwa takriban kila miezi mitatu. Kila mavuno, msimamizi auze nazi, atoe gharama za kupalilia na kuangua, kisha agawe. Agawie nani? Lazima ajue nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameolewa Pate, nani amehamia Unguja, yupi ni mjukuu wa mke mkubwa na yupi wa mke mdogo. Hawezi kugawa kwa haki bila ya kuijua nasaba. Na wanufaika nao, hata wakiwa wamekosana, wataulizana, kwani kila mmoja ana fungu lake.

Basi daftari la wakfu lilikuwa ndilo daftari la ukoo. Mtoto alimjua ami yake wa mbali si kwa sababu aliambiwa kwamba kuunga kizazi ni wajibu, bali kwa sababu kila msimu walikutana chini ya minazi ile ile. Sadaka ililea udugu, na udugu ukailinda sadaka. Kimoja kikifa, kingine hakikai muda mrefu.

KARATASI ZA SERIKALI

Mwaka wa 1895 Sultani wa Zanzibar aliukabidhi ukanda wa maili kumi wa pwani yetu kwa Waingereza wausimamie. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ikaweka makamishna wa kusimamia mali za wakfu. Kisha mwaka wa 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi pwani alilete mbele ya afisa maalum. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme.

Jiweke mahali pa mzee wa zama hizo. Shamba lake alilirithi kwa maneno na mashahidi, mipaka yake ni mbuyu huu na kisima kile. Hajui Kiingereza, na ofisi iko mbali. Waliokuwa na uwezo na habari walipeleka madai yao, na wasiokuwa nao wakapoteza. Mali ya wakfu ilikuwa na hatari ya ziada, kwani haikuwa ya mtu mmoja. Kila mmoja angeweza kudhani mwenzake ameshakwenda kuiandikisha.

Likaja pigo la pili, na hili lilitoka mbali. Mwaka wa 1894 baraza la juu la rufani la Uingereza, Privy Council, liliamua kesi ya kutoka India na kusema kwamba wakfu wa jamaa haufai ikiwa fungu la maskini liko mbali mno, yaani ni la jina tu. Majaji wale waliona kwamba sadaka ni kumpa mgeni maskini, na kuwapa watoto wako si sadaka. Waislamu wa India walilalamika sana, na mwaka wa 1913 ikapita sheria ya kuusahihisha wakfu wa jamaa huko, mswada ambao ulipelekwa barazani na Muhammad Ali Jinnah, yule aliyekuja kuwa muasisi wa Pakistan.

Huku kwetu sheria ile ya India haikuwa na nguvu. Majaji wa Afrika Mashariki walifuata uamuzi wa 1894, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Privy Council yenyewe iliushikilia uamuzi huo katika rufaa iliyotoka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Hebu fikiria: kitendo ambacho kwa Abu Talha kilishauriwa na Mtume mwenyewe, kwa majaji wa London hakikuhesabiwa sadaka! Afueni ilikuja kwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya mwaka wa 1951, iliyoukubali wakfu wa jamaa. Sheria hiyo ilidumu miaka mingi baada ya uhuru, hadi mwaka wa 2022 ilipopitishwa Sheria mpya ya Waqf kuchukua nafasi yake.

TUSIWALAUMU WAKOLONI PEKE YAO

Ningeishia hapo, makala yangekuwa matamu: Mzungu alikuja, wakfu ukafa, kwaheri. Lakini historia ya kweli haitaki tujipendelee.

Angalia nchi za Waislamu wenyewe. Syria iliufuta wakfu wa jamaa mwaka wa 1949, na Misri mwaka wa 1952, karibu miaka ile ile Kenya ilipoukubali kwa sheria. Kwa nini? Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wanufaika waliongezeka kizazi baada ya kizazi hadi fungu la mtu likawa halimfai kitu, nyumba zikabomoka kwa kukosa wa kuzitengeneza, na jamaa wakashinda mahakamani. Pia kulikuwa na waliotumia wakfu kwa hila, kumkwepa mrithi fulani, na mara nyingi aliyekwepwa ni binti. Huo si mwendo wa Zubayr. Wakfu unaowekwa ili kumnyima mtu haki yake ya mirathi ni chombo cha kheri kilichotiwa sumu.

Na hapa kwetu je? Sheria ya 1951 iliukubali wakfu wa jamaa, lakini sheria haiwezi kukufundisha jina la binamu yako. Karatasi huweza kuilinda ardhi isiuzwe, haiwezi kumlazimisha msimamizi ajue kwamba huko Jeddah kuna mjukuu wa babu yule yule. Vijana walikwenda Nairobi kutafuta kazi, wengine Ghuba, wengine Uingereza na Marekani. Wazee waliokuwa na nasaba vifuani walizikwa nazo. Msimamizi akifa, mwanawe hushika shamba na kudhani ni la baba yake, na mjukuu huliuza kwa moyo safi kabisa, kwani hakuna aliyemwambia. Yule hakuiba. Yule alikatiwa habari.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo hasara ninayotaka uione. Tukiuza shamba la wakfu kwa kutojua, tunawadhulumu watu wawili: maiti aliyeweka sharti lake mbele ya Mwenyezi Mungu, na maskini ambaye zamu yake ilikuwa ije baadaye. Na yule maiti alitarajia sadaka yenye kuendelea, moja ya yale mambo matatu ambayo tumefunzwa kwamba hayakatiki mtu akifa. Mambo mengine mawili ni elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema wa kumuombea. Ajabu ni kwamba huyo mtoto mwema ndiye aliyetakiwa kuulinda wakfu wenyewe.

SI KWAMBA HATUNA

Kuna wanaosema siku hizi watu hawana kitu, wakfu ulikuwa wa matajiri wa zamani. Sikubaliani nao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah lililoanza mwaka wa 1932 pale Mombasa, aliwalaumu watu kwa kumwaga mali arusini na matangani ilhali elimu inalala. Lawama hiyo ingeandikwa leo, tungebadilisha nini?

Na uwezo wa kutoa kwa pamoja tunao tangu zamani. Ukipita Tudor, kile Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyofungua milango mwaka wa 1951. Fedha zake zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Baada ya uhuru ikawa chuo cha wote, na mwaka wa 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Maelfu wamesoma pale, Waislamu na wasio Waislamu, na wengi wao hawajui mbegu ilipandwa na nani. Haidhuru, thawabu haihitaji kibao ukutani. Ila ni dalili kwamba watu wakikubaliana, hutoka kitu kikubwa.

Leo tuna njia nyepesi zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mtu aweza kutuma shilingi kutoka Garissa hadi Vanga bila ya kuinuka kitini. Jamaa wengi wana kundi lao la simu. Lakini hebu jiulize kwa ukweli: kundi lenu huamka lini? Mara nyingi ni mtu akifa ama akilazwa. Twachanga haraka, twasema inna lillahi, na baada ya arubaini kila mtu arudi kimya chake. Twajuana kwa maiti tu. Wazee wetu walijuana kwa mavuno.

TUANZE WAPI?

Mimi ni mwanafunzi tu, na fatwa wanazo masheikh. Lakini kwa yale tuliyoyasoma, haya manne yako ndani ya uwezo wa kijana yeyote.

Kwanza, uliza. Ramadhan hii ukienda kumsalimia bibi ama babu, usikae na simu mkononi. Muulize shamba la zamani lilikuwa wapi, nyumba ile nani aliiacha, kwa masharti gani, na shahidi alikuwa nani. Waulize mashangazi pia, kwani wao ndio hukumbuka nani ni mtoto wa nani.

Pili, andika. Andika nasaba kuanzia kwa babu wa babu ikiwezekana, na utie wanawake na watoto wao, usiishie kwa wanaume. Nakala moja ikae na wewe, nyingine kwa jamaa wa mbali.

Tatu, ikiwa kuna mali ya wakfu, iwe na karatasi. Nendeni wazee na vijana pamoja kwa kadhi na kwa ofisi ya wakfu, muulize imesajiliwa vipi na msimamizi ni nani. Mkikuta imeshika njia nyingine, msianze na matusi. Mwaka wa 1908 ulishatuonyesha gharama ya kila mtu kumngojea mwenzake.

Nne, anzeni kidogo. Piga hesabu: ukoo wenye watu wazima 40, kila mmoja atoe shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka, na 288,000 kwa miaka mitatu. Katika madhehebu yetu ya Shafii wakfu huwa wa kitu kinachobaki, na pesa ukizitumia zaisha, basi zikusanywe zinunue kitu: tangi la maji mtaani, mashine ya kushonea ya kukodisha, miche ya minazi, na Mungu akijaalia, chumba cha kupangisha ambacho kodi yake italipa karo ya yatima wa ukoo na futari ya maskini wa mtaa. Muandike masharti tangu siku ya kwanza: haiuzwi, wanufaika ni hawa, maskini wana fungu lao tangu leo na si mpaka tumalizike, na msimamizi asome hesabu mbele ya wote kila mwaka, hata kama ni mzee tunayemheshimu. Na asiachwe nyuma binti mwenye rai, kwani wakfu wa Umar ulisimamiwa na Hafswa.

Usichanganye tu zaka na jambo hili. Zaka ina watu wake na masharti yake, na huwezi kumpa wazazi ama watoto ambao kuwalisha ni juu yako. Lakini ndugu ama binamu maskini usiye na wajibu wa kumlisha, waweza kumpa, naye ni bora kuliko wa mbali.

Na kule kukutana kusomewa hesabu, mpende msipende, kutawaunganisha. Siku hiyo mtoto aliyezaliwa Eastleigh atamuona binamu yake wa Faza, yule wa Muscat atapiga simu kuuliza fungu la maskini limekwenda wapi, na waliokuwa wamenuniana tangu mirathi ya mwaka ule watalazimika kupeana mikono. Ni rahisi kumkata jamaa usiyekuwa na kitu naye. Ni vigumu kumkata mtu ambaye mnagawa naye thawabu ya babu mmoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia wakatuachia, awape nuru katika makaburi yao kwa kila tone la maji na kila nazi iliyoliwa na mwenye njaa. Atujaalie kuwa watoto wema wa kuyalinda waliyoyaacha, aziunge nyoyo za jamaa zetu walio karibu na walio mbali, na atukubalie funga na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.